Vidole Kumi vya Mke Wangu

Mimi ndiye niliyeushika mkono wa mke wangu na kuupaka wino. Si karani wa serikali. Karani alikuwa amechoka, ameketi kando anakunywa soda yangu, na mimi kwa siku mbili nilikuwa nimemtazama mpaka kazi yake nikaijua kumshinda. Kidole kinaanzia upande mmoja wa ukucha, kinaviringishwa taratibu mpaka upande wa pili, hakikandamizwi wala hakirudishwi nyuma. Ukikirudisha alama inachafuka na karatasi inatupwa. Zangu hazikutupwa hata moja. Nilipokishika kidole gumba chake alicheka, akasema, "Unanishika kama mtu anayekagua mahindi."

Kweli, nilimshika hivyo. Nimekagua mahindi maisha yangu yote, kwa kidole na kwa jino, na hakuna mkulima kati ya Uriri na Isebania aliyewahi kuniuzia gunia bichi nikadhani ni kavu.

Nilisoma mpaka darasa la nne, basi. Baba alipokufa nilitoka shuleni nikaenda Isebania kushusha magunia kwenye malori, na bega langu la kulia lina nundu mpaka leo, ukitaka kuamini njoo ushike. Kutoka bega hilo nilinunua mashine moja kuukuu ya kusaga, nikaifungua yote na kuifunga tena peke yangu bila kitabu. Kabla sijatimiza miaka thelathini na tano nilikuwa na mashine mbili, moja Migori mjini na moja Homa Bay. Walimu wenye vyeti vyao walikuja kusaga kwangu na wakapanga foleni kama watu wengine. Nyumba yangu ya Migori niliijenga kwa matofali ya kuchoma, nikaipaka rangi ya maziwa, na mbele ya duka nikaweka baraza ya saruji pana kuliko ya ofisi ya chifu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu baraza hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, wakati serikali ilipotuambia vipande vyetu vya zamani vimekwisha kazi na kila mtu mzima aje apigwe alama za vidole upya, vyote kumi, apewe kitambulisho kipya. Chifu akaja dukani, akavua kofia. Chifu kuvua kofia kwangu!

"Jaduong'," akaniambia, na hilo kwetu ni jina la heshima la mzee, ingawa yeye alinizidi miaka, "makarani wanakuja na hawana mahali. Ofisi yangu inavuja. Baraza yako je?"

"Baraza yangu haivuji," nikamwambia.

"Na tunataka mtu anayejua watu. Hapa ni karibu na mpaka, unajua. Mtu anaweza kuja kutoka ng'ambo akasema ni wa hapa. Wewe ukisema huyu namjua, karani ataandika."

Nikakubali kabla hajamaliza. Mtu wa darasa la nne anaambiwa neno lake litaandikwa na serikali, atakataa nini? Niliweka meza mbili, viti, kreti ya soda, na kitambaa cha kufutia mikono. Mke wangu alinitazama nikipanga, akaniuliza kitu kimoja.

"Watauliza mambo gani?"

"Jina, baba, mama, mahali ulipozaliwa. Maneno ya kawaida."

"Maneno ya kawaida," akasema, akarudi jikoni.

Lazima nieleze sasa kwa nini aliuliza. Kwetu Wajaluo mwanamke aliyeolewa haitwi sana kwa jina lake. Anaitwa binti wa kwao, *nyar* wa mahali fulani. Mke wangu soko zima lilimwita nyar Uriri, kwa sababu nilimtoa Uriri, nyumbani kwa mjomba wake. Lakini hakuzaliwa Uriri. Alizaliwa ng'ambo, Tanzania, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Muhuru Bay, mahali ambapo watu wanaongea Kijaluo kama chetu na wanazika kama sisi. Alipokuwa na miaka saba mama yake alimtuma kwa kaka yake Uriri kulea watoto, akakaa, akasoma pale, na alipofika umri wa kipande mjomba akaandika kwamba ni binti yake wa kumzaa. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako. Hakuna aliyeona kwamba ni uongo. Lakini karatasi haina dada.

Nilipotaka kumwoa aliniambia habari hiyo mwenyewe, tukiwa tumesimama kando ya shamba la miwa la mjomba. Akasema, "Mtu asiyejua nilikozaliwa hanijui, ndiyo maana nakuambia. Lakini nakuambia wewe. Sijaiambia Migori."

Nikaapa. Na mahari nikaipeleka inapotakiwa, maana ng'ombe wa mahari hawaendi kwa mjomba, wanaenda kwa waliomzaa. Ng'ombe kumi na tano, wazima, mmoja wao dume jeusi ambalo hata leo nikilikumbuka naona fahari. Niliwavusha mimi na ndugu zake wawili, asubuhi na mapema, kwa njia za ng'ombe, bila ngoma wala vigelegele. Kwa hivyo hakuna mtu wa Migori aliyeona hata mkia.

Na hilo ndilo lililoniuma miaka yote. Mtu ametoa ng'ombe kumi na tano, na majirani wanadhani alioa bure. Wewe hujui uzito wa kitu kama hicho mpaka ukibebe. Gunia la mahindi ni jepesi.

Siku ya kwanza kwenye baraza ilikuwa kama harusi. Watu walikuja na nguo za kanisani. Mama mmoja mzee aliulizwa alizaliwa mwaka gani.

"Mwaka wa nzige."

"Nzige gani, mama? Nzige walikuja mara nyingi."

"Wale waliomaliza mtama wa baba yangu."

"Mama, serikali haimjui baba yako."

"Basi ingemwuliza, angewaambia mwaka!"

Tulicheka mpaka karani akamwaga wino. Alikuwa kijana mpole, si wa kwetu, ana miwani na mwandiko mdogo kama sisimizi. Kwa kila mtu aliyefika karani alinitazama mimi kwanza, mimi nikaitikia kwa kichwa, ndipo akaandika. Mchana wa siku ya pili vidole vyake vilikuwa vinamuuma, nikamwambia pumzika, hii nitakusaidia. Nikaanza kushika mikono ya watu: ya wavuvi, migumu kama kamba, ya mwalimu, laini kama ya mtoto. Niliwashika wote.

Mke wangu alikuja alasiri, foleni ikiwa bado ndefu. Hakutaka kupitishwa mbele, ingawa nilimwita. Alipanga kama wengine. Karani akamwuliza maswali, akajibu kwa sauti ndogo: baba, fulani wa Uriri, mahali, Uriri. Karani akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Kipande chake cha zamani kikachukuliwa, kikatiwa kwenye bahasha pamoja na vingine. Kisha nikamshika mkono, nikamviringisha kidole kimoja kimoja, vyote kumi, na alama zikatoka safi ajabu. Karatasi ikawekwa juu ya nyingine. Ikawa imekwisha. Naapa ilikuwa imekwisha.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwa jirani yangu, muuza vipuri vya baiskeli, rika langu. Mimi na yeye tulitaniana kila siku tangu tufungue maduka. Akaona nimeushika mkono wa mke wangu mbele ya watu, akapata la kusema.

"Omera, ndugu yangu! Leo angalau umemshika mbele ya mashahidi. Maana harusi yenyewe hatukuiona."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

"Mashine mbili unazo," akaendelea, "lakini mke ulichukua kwa mkopo. Nani hapa aliona ng'ombe zikiingia Uriri? Mama, wewe uliona? Hata mbuzi? Hata kuku mmoja na mguu umefungwa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, mpaka yule mama wa nzige, aliyemaliza jana yake lakini akarudi kwa utamu wa maneno. Ningeweza kumtania juu ya baiskeli zake zinazokatika mnyororo. Ningeweza kunyamaza. Mke wangu alikuwa amenyoosha mikono mbele ili wino usiguse gauni, akanitazama, akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

"Uriri?" nikapaza sauti. "Nani alikuambia nilipeleka Uriri? Ng'ombe kumi na tano! Zilivuka mpaka kwa miguu yao wenyewe, zinakula majani ya Tanzania mpaka leo, kwa mama yake mzazi! Nenda ukazihesabu! Na usisahau dume jeusi!"

Watu walishangilia. Kweli, walishangilia, mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na jirani yangu akainua mikono kusema ameshindwa. Ilikuwa furaha ya miaka minane iliyotoka kwa mara moja. Nilisimama pale na wino mikononi nikajiona mwanaume.

Karani aliweka chupa ya soda chini, polepole.

"Mama yake mzazi yuko Tanzania?" akauliza, kwa upole uleule.

"Ndiyo," nikasema. Moto wa sifa ulikuwa bado haujanitoka.

Akainua karatasi za juu, akaivuta ya mke wangu, akaandika kitu pembeni kwa kalamu nyekundu, maneno machache kwa ule mwandiko wa sisimizi. Kisha akaitia kwenye bahasha nyingine, peke yake.

Nilipogeuka mke wangu hakuwepo.

Nilimkuta nyumbani. Alikuwa amesimama mlangoni kwa muda mrefu, nadhani, ameegemea, maana kwenye fremu ya mlango, juu ya rangi yangu ya maziwa, kulikuwa na vidole vyake vyeusi, vinne wima na cha gumba kando. Na mimi, badala ya kumwangalia uso, niliangalia mlango.

"Umeharibu rangi," nikamwambia. "Unajua kopo moja la rangi hii linatoka Kisumu?"

"Ni wino tu," akasema. "Utatoka."

Nikachukua kitambaa na mafuta ya taa nikasugua. Yeye alikaa kwenye stuli akinitazama nikisugua. Nilipomaliza mlango ulikuwa safi kama haujawahi kuguswa na mtu.

"Ulipokuja kuniposa," akasema, "nilikupa kitu kimoja tu cha kunitunzia. Kimoja. Kila kitu kingine nilikitunza mwenyewe."

"Karani ni rafiki yangu. Amekunywa soda zangu sita."

"Karani ataondoka. Karatasi haiondoki."

Nilimwambia anaogopa bure. Nilimwambia mtu mwenye mashine mbili hafuatwi na karatasi.

Vitambulisho vilifika miezi mingi baadaye, mafungu kwa mafungu, na chifu akawa anaita majina. Changu kilikuja. Cha jirani kilikuja, akalalamika picha imemzeesha. Cha mama wa nzige kilikuja, na serikali ilikuwa imemchagulia siku ya kuzaliwa. Cha mke wangu hakikuja. Nikaenda kuuliza, nikaambiwa kiko Nairobi, kinachunguzwa. Na kipande chake cha zamani? Hicho hakirudishwi.

Alikuwa akinunua omena, dagaa wa ziwa letu, Muhuru Bay na kuuza Homa Bay, mara mbili kwa wiki. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kizuizi hakiulizi samaki, kinauliza kitambulisho. Mara ya kwanza alishushwa kwenye gari akarudi kwa miguu na gunia kichwani. Mara ya pili hakuenda.

Kisha wakaja watu wawili na faili. Waliketi kwenye viti vyangu, wakakataa soda. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamebadilika. Walisoma kutoka kwenye faili wakati mke wangu amesimama mbele yao kama mtoto wa shule. Walijua shule aliyosoma na mwaka alioingia. Walijua kliniki aliyojifungulia binti yetu, na kwamba uchungu ulimshika siku mbili. Walijua ni siku gani huenda sokoni na kanisa gani husali. Mambo mengine mimi mume wake nilikuwa nimeshayasahau. Nani aliwaambia? Kila mahali alipowahi kusema jina lake kwa nia njema, pale palikuwa na mtu aliyeandika, na sasa yale maandishi yote yalikuwa yamekutana kwenye faili moja bila yeye kualikwa.

Mimi ni msagaji. Mtu akiniletea mahindi nasaga mahindi aliyoleta. Sichukui gunia lake nikalifuata mpaka ghalani kwake, nikaangalia amelala na nani. Nikawaambia hivyo wale watu. Mmoja akatabasamu.

"Mzee, wewe mwenyewe ndiye ulisema."

Walienda Uriri. Wiki iliyofuata mjomba alikuja kwa baiskeli, mtu wa miaka sabini, jasho limemlowesha mpaka kofia. Hakukaa. Alisimama uani akizungumza na mke wangu, na mimi nikiwa mlangoni.

"Wamesema watanifunga kwa kudanganya serikali," akasema. "Waliniletea karatasi. Nimetia kidole."

"Karatasi ilisema nini, baba?" Kila siku alimwita baba.

"Inasema wewe si damu yangu. Nisamehe, nyathina, mwanangu."

Mke wangu alimpa maji. Alimshikia baiskeli wakati anakunywa. Alipoondoka, aliingia ndani na kukaa siku nzima bila kuwasha moto. Nilienda kununua chai hotelini, mimi, nikaileta kwa kikombe barabarani watu wakiniona. Na soko lilikuwa limeshaanza kumwita nyar Tanzania, wengine kwa utani, wengine bila utani.

Nilijaribu kila kitu ninachojua. Nilimpelekea chifu unga, akaupokea, akasema kazi imeshatoka mikononi mwake. Na hakuvua kofia. Nilifuata mwanasheria mmoja, akaniambia ukweli uliokaribia kuniua: kwamba mke wa Mkenya angeweza kuomba uraia waziwazi tangu siku ya ndoa, na tungeupata. Lakini sasa, akasema, kuna mwanamke mwenye baba wawili kwenye karatasi za serikali, na anayeonekana alidanganya akiwa msichana. Itachukua muda.

Muda hatukupewa. Mama yake mzazi akaugua, ujumbe ukaja kwa mdomo wa mchuuzi wa omena. Mke wangu akafunga nguo mbili kwenye leso. Binti yetu alikuwa darasa la pili; mama yake akamshonea kifungo cha sare kabla ya kuondoka, kile kilichokuwa kinaning'inia tangu Jumatatu.

"Ngoja kitambulisho," nikamwambia.

"Mama hatangoja kitambulisho."

Nilimsindikiza mpaka Isebania. Katikati ya wabadilisha pesa na malori yaliyopanga mstari, alinishika mkono. Hakuwa mtu wa kushika mkono barabarani. Kisha akavuka pamoja na wanawake wenye ndizi, na hakuna aliyemwuliza chochote. Kwenda hakukuwa na shida.

Mama yake alizikwa. Baada ya matanga mke wangu akarudi, na kwenye kizuizi upande wetu waliwashusha abiria wote. Walikuwa na orodha. Jina lake lilikuwa kwenye orodha, na walipomwandika upya walimchukua alama za vidole, wakasema tayari wanamjua. Alilala siku mbili kwenye seli kisha akarudishwa ng'ambo na kuambiwa akionekana tena atafungwa. Watu wengi waliniambia, mlete kwa njia za ng'ombe, nani atajua? Hata mimi nilimwambia hivyo nilipomfuata. Tulikuwa tumeketi nje ya nyumba ya marehemu mama yake, na ng'ombe walikuwa wakipita, wengine wakiwa watoto na wajukuu wa ng'ombe wangu. Dume jeusi lilikuwa limezeeka.

"Nirudi nijifiche kwenye nyumba yangu mwenyewe?" akaniuliza. "Mtu akibisha mlango niruke dirishani? Na mtoto aambiwe nini shuleni akiulizwa mama yuko wapi? Aanze kudanganya kama nilivyodanganyishwa?"

"Basi nitahamia huku. Nitauza mashine."

Alicheka, kicheko kilekile cha siku ya kidole gumba. "Wewe? Huku nani atajua kwamba una mashine mbili?"

Sikuhamia. Naandika hapa jinsi ilivyo. Kila mwezi nilikwenda na mtoto, tukakaa siku tatu, tukarudi. Nilisema ni kwa sababu ya biashara, na shule, na kesi inayokaribia kwisha. Siku za kuondoka binti yetu alishika gauni la mama yake kwa mikono miwili, na mke wangu alikuwa akifungua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu, bila kukandamiza.

Alikufa mwaka wa pili wa kungoja, kwa homa ya siku nne, wakati wa mvua, barabara ya kwenda hospitali imekatika. Nilifika siku ya pili baada ya kifo na pikapu niliyokodi Migori na jeneza zuri, la mbao ngumu, nililolichagua mwenyewe. Kwa mila yetu mwanamke aliyeolewa anazikwa kwa mumewe, kando ya nyumba yake. Hilo halijadiliwi. Mahali pake nilikuwa nimeshapaonyesha vijana wachimbe, na walikuwa wameshaanza.

Kwenye kizuizi afisa alifunua turubai, akatazama jeneza, akafunika tena kwa heshima.

"Pole, mzee. Karatasi za maiti?"

Nikampa barua ya kliniki.

"Huyu ni raia wa wapi?"

"Ni mke wangu."

"Kitambulisho chake?"

Nikamwambia kiko Nairobi, kinachunguzwa. Akaingia ofisini, akakaa sana. Akatoka akasema jina liko kwenye orodha, na mtu aliye kwenye orodha hapitishwi bila barua kutoka juu. Jua lilikuwa kali. Nilikaa pale siku hiyo na nusu ya kesho yake. Nililia mbele ya madereva wa malori, mimi, kwenye mji ambao nilibebea magunia. Walikuwepo wazee wa siku zile walionikumbuka, wakaniletea maji. Mwishowe shemeji zangu walinishika mabega wakasema, "Hawezi kungoja zaidi. Turudi."

Tulimzika ng'ambo. Kwa kuwa alikuwa ameolewa, hawakuweza kumlaza ndani ya boma la baba yake; walimzika nje, karibu na ua wa ojuok, ule mnyaa unaozunguka boma, kama tunavyofanya kwa binti asiye na mahali. Mwanamke niliyemtolea ng'ombe kumi na tano. Shimo la nyumbani nililirudishia udongo mwenyewe kwa koleo, na nyasi za pale mpaka leo ni za rangi tofauti.

Baadaye binti yetu aliniuliza jambo dogo. Shuleni walikuwa wamechora mkono kwa kuuweka kwenye karatasi na kuuzungushia penseli. Akaniuliza, "Baba, mkono wangu ni kama wa mama ama kama wako?" Nikafungua mdomo nikaona sijui. Tulikuwa na picha moja ya kanisani, amesimama mbali, mikono iko nyuma.

Hapo nikakumbuka kwamba ipo karatasi. Yule karani nilisikia amepandishwa cheo na kuhamishiwa Homa Bay. Nilikuwa nikienda kule kwa ajili ya mashine yangu, kwa hivyo nikavaa koti na kuingia ofisini kwake. Alinitambua. Alisimama kunisalimia, na sitasema kwamba alikuwa mtu mbaya.

"Sikuja kugombana," nikamwambia. "Mke wangu amekufa. Nataka ile karatasi ya vidole vyake. Ama unipe nakala. Ama unionyeshe tu, niangalie na mtoto, nirudishe."

Alivua miwani akaifuta. "Pole sana, mzee. Hiyo haiwezekani. Taarifa za mtu ni siri. Hatuwezi kumpa mtu mwingine."

"Siri?"

"Ndiyo. Ni kwa kumlinda mwenyewe."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Hakuwa anatania.

"Mimi ndiye niliyemshika mkono," nikasema. "Hizo alama ni kazi yangu. Wewe ulikuwa unakunywa soda."

"Najua."

"Kama ni siri, mbona kizuizini walikuwa nayo? Mbona wale watu wawili waliisoma kwenye kiti changu? Kila mtu alipewa siri ya mke wangu isipokuwa mimi na mtoto?"

Akairudisha miwani machoni. "Na faili halijafungwa," akasema. "Bado linachunguzwa." Kisha, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba radhi: "Mzee, niliandika ulichosema. Sikuongeza neno."

Nilimwamini. Nilirudi Migori siku hiyo hiyo. Binti yetu alikuwa bado shuleni. Nilisimama kwenye mlango wangu nikauinamia, nikaitazama ile fremu kwa karibu, hapa juu kwa vile vinne, hapa kando kwa cha gumba. Niliigeukia kutoka upande wa jua, nikapitisha kidole, nikanusa hata mafuta ya taa. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimesugua vizuri. Mimi kazi yangu haina doa.